Kusafisha si Kufuta

Kitu cha kale kina maadui wawili. Wa kwanza ni yule anayekitupa jaani. Wa pili ni yule anayekipenda hata akakifua. Adui wa kwanza anajulikana, na lawama zake zimekwisha kusemwa na wengi. Wa pili hasemwi, kwa sababu huja na sabuni mkononi na nia njema moyoni. Na nani atathubutu kumshtaki mtu kwa kosa la usafi? Mimi namshtaki leo mbele yako, msomaji kijana, nawe nakuomba uwe hakimu. Kesi yenyewe ni ya kitu kidogo sana: kibendera cha michezo.

Kibendera hiki wakijua. Ni pembetatu ndefu ya kitambaa, pana upande mmoja na kali kama ncha ya mkuki upande wa pili, yenye jina la chuo, shule au klabu, na pengine mwaka wa mashindano. Vibendera ambavyo manahodha wa kandanda hupeana kabla ya mchezo aghalabu ni vya satini na vina vishada. Lakini vikongwe vingi, na hasa vile vya vyuo vya Marekani, ni vya felti, yaani sufu iliyoshindiliwa ikawa kitambaa pasipo kufumwa. Nasema juu ya hivi vya felti, kwa kuwa ndivyo vinavyouawa kwa urahisi zaidi na mikono yenye huruma.

Labda utauliza: Nairobi na felti ya Marekani, wapi na wapi? Jibu liko katikati ya mji. Simama katika barabara ya Moi Avenue, karibu na jumba la Nyaraka za Taifa. Hapo pana sanamu ya Tom Mboya, iliyowekwa mwaka 2011, si mbali na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Mboya alikuwa mstari wa mbele katika mpango wa kuwapeleka vijana wetu Marekani kwa masomo ya juu. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81, na safari hizo ziliendelea mpaka mwaka 1963, mamia wakaenda. Nyuma yao wakafuata wanariadha. Mike Boit, aliyepata nishani ya shaba katika mbio za mita 800 huko Munich mwaka 1972, alisoma katika chuo cha Eastern New Mexico. Henry Rono alisoma katika chuo cha Washington State, na mwaka 1978, katika muda wa siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000.

Katika vyuo vya namna hiyo kibendera cha felti kilikuwa pambo la kawaida la chumba cha mwanafunzi. Kilitundikwa juu ya kitanda, kikaonekana kila asubuhi na kila usiku. Si ajabu basi kwamba sanduku la babu likifunguliwa katika nyumba ya Kileleshwa, Kangemi au Dagoretti, chini ya vyeti na barua zilizopauka kikatoka kibendera kimoja chenye vumbi, kimetobolewa na nondo, na chenye jina la mji ambao wajukuu hawajapata kuuona.

Hapo ndipo msiba unapoanza. Mjukuu mwenye adabu anakitazama, anasikitika, na anasema moyoni, "Nitamfurahisha babu." Anakichovya katika ndoo ya maji ya moto. Anakitia sabuni ya unga, anakifikicha, anakisuuza, anakikamua, anakianika juani, kisha anakipiga pasi. Alikuwa na kibendera asubuhi. Jioni ana kipande cha kitambaa kilichonywea, kilichojikunja pembeni, herufi zake nyeupe zimeingiwa na wekundu, na ncha yake iliyokuwa kama mkuki sasa ni kama ulimi wa mbuzi. Mtoto huyu hakuharibu kwa uvivu. Aliharibu kwa bidii, na bidii isiyo na maarifa ni ng'ombe aliyeingia shambani kwa shauku ya majani.

Yafaa ujue sababu, maana asiyejua sababu hukumbuka onyo leo na kulisahau kesho. Unyoya wa kondoo, ukitazamwa kwa darubini, una magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Sufu ikipata maji ya moto, sabuni na msukosuko, magamba hayo hushikana na nyuzi husogeleana, wala haziwezi tena kurudi zilikotoka. Hivyo ndivyo felti inavyotengenezwa kiwandani. Basi mtu akiitia felti katika ndoo ya maji moto na kuifikicha, haioshi. Anaitengeneza mara ya pili, bila kipimo na bila fundi. Tena rangi za zamani nyingi ni za kuchuja: zikilowa hutoka mahali pake na kuingia kwa jirani. Dawa ya kung'arishia nguo huila sufu yenyewe. Jua la Nairobi, mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ni kali kuliko ubaridi wa upepo wake unavyotudanganya. Nalo hupausha rangi kidogo kidogo, na bandu bandu huisha gogo.

Lakini hasara ya umbo ni ndogo kando ya hasara ya ushahidi. Kibendera kikongwe kina mambo ya namna mbili juu yake, na watu huyachanganya kwa sababu yote mawili huitwa uchafu. La kwanza ni uchafu wa kweli: vumbi, masizi, utando wa buibui, mayai ya nondo. Huo hukata nyuzi, huvuta unyevu na kuwalisha wadudu. Nao sharti uondoke. La pili ni alama: tundu la pini katika kona tatu, kwa kuwa mwenyewe alihama vyumba viwili, upande mmoja uliopauka, kwa kuwa dirisha lilikuwa kushoto, majina ya wachezaji yaliyoandikwa kwa wino nyuma, mshono wa uzi wa rangi isiyolingana, uliotiwa na mtu aliyekuwa mbali na kwao na asiyekuwa na uzi mwingine. Hizo si uchafu. Ni maneno. Mtu anayezifuta ameng'oa ukurasa katika kitabu kisicho na nakala ya pili.

Uso wa mzee una makunyanzi. Hakuna mtu timamu anayemwambia mtoto auoshe uso wa babu mpaka makunyanzi yatoke. Auoshe jasho na vumbi, ndiyo. Kisha auache uwe uso wa mzee.

Najua majibu ya upinzani, na haifai kuyakwepa. Nitayachukua moja baada ya jingine.

Wa kwanza husema: "Sisi tumefundishwa usafi. Kitu chenye doa ni aibu nyumbani." Usafi ni sifa njema, nami siupingi. Lakini usafi ni kumwondolea kitu kinachomdhuru, si kumnyang'anya alivyo. Daktari huosha jeraha. Haoshi alama ya chanjo. Atakayeona aibu kwa doa la miaka 60, na aulize kwanza doa hilo lilitoka wapi. Pengine atakuta aibu ni yake kwa kutouliza.

Wa pili husema kwa ukali zaidi: "Vibendera vingine vina majina ya wakoloni. Kuvitunza ni kuutunza utumwa." Hoja hii ina uzito, kwa maana upande wa magharibi wa Nairobi umejaa majina yaliyobadilishwa. Shule iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa jina la Prince of Wales leo ni Nairobi School. Ile iliyofunguliwa mwaka 1949 kwa jina la Duke of York leo ni Lenana. Zote mbili zilijengwa kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Kubadili majina kulikuwa haki, maana shule iliyo hai huitwa kwa jina la walio hai. Lakini kibendera cha kale si shule, ni shahidi. Tuseme umekiona kimoja chenye jina la mwana wa mfalme, na mtu akuambie ukifiche jina hilo kwa kiraka. Ukifanya hivyo umemsaidia nani? Hukumsaidia mtoto wa Kawangware ambaye babu yake hakuruhusiwa kusoma pale. Umemfutia ushahidi. Kesho akisimulia habari ile, ataambiwa kwamba anabuni. Na kitu ambacho kingemwunga mkono wewe ulikishonea kiraka.

Au tazama kandanda. Mwaka 1926 lilianzishwa kombe la kushindaniwa na Kenya na Uganda, likaitwa Kombe la Gossage, kwa jina la kampuni ya Kiingereza iliyolitoa. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Baada ya uhuru jina hilo liliachwa, na tangu mwaka 1973 mashindano yakaitwa Kombe la CECAFA. Wajua kampuni ile ilifanya kazi gani? Ilitengeneza sabuni! Ama dunia ina mzaha wake: kombe la kwanza la majirani zetu lilikuwa kombe la mwuza sabuni, na leo sabuni ndiyo inayomaliza kumbukumbu za michezo. Jina la Gossage halitutii utumwani. Latukumbusha kwamba baba zetu walicheza, wakashinda na wakashindwa, miaka mingi kabla bendera zetu za taifa hazijapanda mlingotini. Anayelifuta jina hilo kwa hasira huwafuta na wachezaji walioandikwa chini yake.

Wa tatu husema: "Kwa nini taabu yote hii? Kitengenezwe kipya kinachofanana." Naam, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Leo waweza kuagiza kibendera chenye jina la Gor Mahia na mwaka 1987, mwaka ambao klabu hiyo ilitoka sare na Espérance ya Tunisia mabao 2 kwa 2 ugenini na 1 kwa 1 Nairobi, ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kutwaa kombe la Afrika kwa faida ya mabao ya ugenini. Kitapendeza, na hakuna ubaya kukinunua. Lakini hakikuwapo siku ile. Hakikuloa mvua, hakikupeperushwa, hakikukunjwa mfukoni mwa mtu aliyerudi nyumbani kwa miguu akiimba. Picha ya chakula haishibishi. Kipya kiwe kipya, kisimame mahali pake. Kisitumiwe kuwa sababu ya kukizika kikongwe, wala kikongwe kisilazimishwe kujifanya kipya.

Wa nne husema: "Nchi yenye njaa haina nafasi ya matambara." Huyu ndiye ninayemheshimu kuliko wote, kwa sababu anazungumza habari ya tumbo. Lakini hesabu yake si sahihi. Kutunza kibendera hakuhitaji mali. Kunahitaji burashi laini, kipande cha wavu, yadi moja ya marikani, sindano na uzi. Vitambaa hivyo vyapatikana katika maduka ya Biashara Street, kwa bei isiyoweza kumnyima mtu chakula cha jioni. Sabuni, maji ya moto, dawa ya kung'arishia na pasi vyote vina gharama. Kuacha kuvitumia hakuna gharama. Kwa kibendera cha felti, maskini mwenye subira ni mtunzaji bora kuliko tajiri mwenye mashine ya kufulia.

Sasa hainipasi kukukataza bila kukuonyesha njia. Sikiliza.

Kabla ya kugusa kitu, kipige picha mbele na nyuma. Nawa mikono, ikauke kabisa. Kilaze kibendera juu ya meza safi iliyotandikwa kitambaa cheupe. Pangusa vumbi kwa burashi ya manyoya laini, ukitoka katikati kwenda ukingoni, polepole kama mtu anayempangusa mtoto aliyelala. Kama pana mashine ya kufyonza vumbi, iweke katika nguvu zake za chini kabisa, ufunge wavu mdomoni mwake, na uishike juu kidogo ya kitambaa pasipo kukigusa. Herufi za rangi zilizoanza kubanduka usizipiguse kabisa.

Ukiona vitundu na vumbi kama mchanga, nondo amepita. Mwenye kula si nondo arukaye bali buu lake, lipendalo sufu yenye jasho na mafuta ya mkono. Usikimbilie vidonge vya nondo. Mvuke wake waweza kudhuru rangi, na harufu yake haiwafai watu. Kitie kibendera katika mfuko wa plastiki, toa hewa, ufunge barabara, na ukiweke ndani ya friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, au zaidi, kwa muda wa majuma mawili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka siku nzima ipite, ili umande utue juu ya plastiki na si juu ya sufu.

Mahali palipochanika usitie gundi, wala utepe wa kunata, wala pini ya chuma. Gundi hugeuka manjano na kukauka kama gamba; pini hupata kutu, na kutu haitoki. Chukua marikani isiyotiwa rangi, uifue kwanza ili wanga utoke, uikaushe, kisha uishonee nyuma ya kibendera kwa sindano nyembamba na mishono michache iliyolegea, ukipitisha sindano katika matundu yaliyopo kila iwezekanapo. Mshono wako uonekane kwa mwenye kutafuta, usionekane kwa mpita njia. Tena uwe wa kufumuliwa, ili ajaye baada yako mwenye ujuzi kuliko wewe aweze kuurekebisha. Hiyo ndiyo adabu ya fundi: asifanye jambo lisiloweza kutenduliwa.

Kisha ukihifadhi kikiwa kimelazwa, mbali na jua, mbali na jiko, na mbali na ukuta wenye unyevu wa mwezi wa Julai. Katika karatasi ya kando, si juu ya felti, andika kilikuwa cha nani, kilitoka wapi, na mwaka gani. Uandike mwenyewe angali hai, maana kibendera kisicho na habari ni yatima. Na doa likikushinda, liache. Kama kitu ni cha thamani kubwa, kaulize Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill kabla ya kumwuliza dobi.

Haya yote nakuambia wewe, wala siyaelekezi kwa wazee, kwa sababu moja. Katika shule zetu, siku ya kutoa zawadi ikikaribia, au mgeni mkubwa akitazamiwa, wanaopewa ndoo na vitambaa ni wanafunzi. Huambiwa, "Ng'arisheni kabati la vikombe." Ndani ya kabati hilo, nyuma ya vikombe, mara nyingi pana vibendera vilivyokunjwa, na mle ndani yamo majina ya vijana waliokimbia, waliorusha mkuki na waliocheza mpira kabla yako. Wachache tu kati yao waliandikwa magazetini. Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony waliofika Vancouver mwaka 1954, Wilson Kiprugut aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki huko Tokyo mwaka 1964, hao tunawajua. Yule aliyekuwa wa pili katika mashindano ya wilaya, akarudi darasani, akawa karani au mkulima, hana kitabu. Ana kipande cha felti tu, na ncha moja ya wino.

Basi siku utakapopewa ndoo, usikaidi, wala usinung'unike. Sema kwa adabu, "Mwalimu, vikombe nitaving'arisha, vibendera naomba nivipanguse kwa burashi." Ukiulizwa sababu, sababu unayo. Eleza habari ya magamba ya sufu, eleza tofauti ya uchafu na alama. Pengine utachekwa. Vumilia. Kicheko hupita katika dakika moja, lakini felti iliyonywea hainyooki milele. Na kabla ya kabati kufungwa, chukua kalamu na karatasi, unakili kila jina unaloweza kulisoma, hata lile lililofifia likabaki herufi mbili.